Siku Banjo Alipokanyaga Chupa

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Jumamosi, Bi. Imogen Radcliffe alitoa kibati namba arobaini na moja kwenye kaunta ya kutunzia mizigo, ndani ya Jumba la Opera la Sydney. Sefina Tuala, mtunza mizigo, akageuka kumchukulia mzigo wake. Rafuni hapakuwa na kitu.

"Haiwezekani!" Sefina aliinua makoti, akapapasa chini. "Nimeuweka hapa kwa mikono yangu!"

Kilichopotea ni kasha jembamba lenye upinde wa fidla wa marehemu mume wa Bi. Radcliffe. Upinde ulikuwa ukabidhiwe okestra ya vijana mchana huohuo, kabla ya tamasha la saa nane.

Desmond Kalafatis aliyaona yote, kwa kuwa alikuwa papo hapo akimfunga mbwa wake bandeji. Kazi ya Banjo ni kuwafukuza shakwe barazani, kando ya maji. Saa sita alikuwa amekanyaga chupa, na tangu hapo ndege wale walijitangazia uhuru. Dakika chache zilizopita Desmond alimwona mmoja akimpora mtalii andazi mdomoni.

Sajini Narelle Quigg, aliyekuwa zamu jengoni, alifika na kijitabu chake.

"Uliiacha kaunta?"

"Dakika tano tu. Saa saba na dakika thelathini na tano. Nilimpeleka mama msalani."

Mama mwenyewe, Bibi Lagi, alikaa kwenye benchi amevaa nguo nyeupe na kofia ya kanisani, mkoba umetulia mapajani. Alikuwa ametua jana kutoka Samoa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia watu wa kanisa lake kwamba binti yake anafanya kazi kwenye jumba lile la kwenye picha. Leo, kwa mara ya kwanza, Sefina angekaa ukumbini kama watu wengine, tena na mama yake ubavuni. Tiketi mbili zilikuwa mfukoni.

"Kwa hiyo mizigo ya watu ilibaki bila mtu," alisema Sajini. "Na wewe bwana wa mbwa? Huko nyuma ya kaunta ulifuata nini?"

"Bandeji. Niliingia saa nane kasoro robo, Sefina akiwepo."

"Mnateteana."

"Loo! Sasa na mbwa naye mtie pingu, Sajini, maana na yeye alikuwepo."

Sajini hakucheka. "Bi. Tuala, tutakwenda kituoni."

Bibi Lagi akauliza jambo kwa Kisamoa. Sefina alimwekea mkono begani. Alimwinamia Sajini, akapunguza sauti. "Nakuomba. Usinichukue mbele ya mama yangu."

Desmond hakuweza kutulia. Alienda hatua tatu, akarudi tatu. Kengele ya kwanza ililia, watu wakaanza kuingia ukumbini.

"Mnapoteza muda," alisema Rupert, mtoto wa mdogo wake Bi. Radcliffe, mwanamume wa miaka arobaini aliyebana kwapani bomba la karatasi ngumu lenye bango la kumbukumbu la jumba hilo. "Mwizi ndiye huyo. Mimi humu sikuwemo. Tangu saa saba na nusu nilikuwa nje, ngazi za chini, nakula samaki na chipsi. Ndiyo kwanza naingia."

Banjo alijikokota, akamnusa vidole, akageuza kichwa pembeni. Desmond akasimama ghafla. Kengele ya pili ikalia.

"Ulikula kwa raha, kaka?"

"Kwa raha zangu, natazama feri."

"Shakwe je?"

"Walikuwepo, lakini hawakunigusa. Si mna mbwa hodari?"

"Sifa anazo. Chipsi ulizimaliza zote?"

"Zote."

"Basi wewe ni mtu wa ajabu." Desmond alinyoosha kidole kwenye mguu uliofungwa. "Hodari mwenyewe huyu hapa, kiwete tangu saa sita. Sajini, nenda ngazi za chini ukafungue karatasi ya chipsi. Ukifanikiwa kula tatu, rudi uniite mwongo. Tena mbwa huyu kwa samaki yuko radhi kuuza ndugu zake, na mikono ya bwana huyu haikumshughulisha."

"Nilinawa!" Rupert alisema haraka mno.

Sajini alimtazama yeye, kisha bomba. "Ulikuwa nje muda wote, ndiyo kwanza unaingia. Hilo bango umenunua wapi? Duka liko ndani."

Rupert alilibana zaidi.

"Rupert," alisema Bi. Radcliffe. "Fungua."

Upinde uliteleza kutoka ndani ya bango. Kasha lilikutwa baadaye kwenye pipa la taka msalani.

"Nilimwona akiondoka na mama yake, nikaingia," alisema Rupert, macho yamejaa machozi. "Baba mkubwa alinifundishia upinde huu tangu nina miaka sita. Aliniambia siku moja utakuwa wangu! Wewe, mama mkubwa, unawapa watoto usiowajua hata majina."

"Miaka ishirini hujagusa fidla. Hata hivyo ungeniomba ningekupa." Bi. Radcliffe aliketi. "Ila ulisimama hapo ukamwita mtu mwizi, mama yake anasikiliza. Kwa hilo sina la kukusaidia."

Saa nane na dakika sita, Sajini aliondoka na Rupert, lakini kwanza alimwomba Sefina radhi. Milango ya ukumbi ilikuwa imefungwa. Aliyechelewa hungoja mapumziko. Sefina alikuwa amewaambia hivyo maelfu ya watu, na hakuthubutu kuomba apendelewe.

"Nisamehe, mama," alisema, akilia sasa. "Umevuka bahari yote hii, nimekukosesha."

"Muziki tutausikia huo uliobaki," alisema Bibi Lagi. "Kwani mimi nilikuja kuona muziki? Nilikuja kuona unapofanya kazi."

Akainuka, akaenda mpaka kaunta, akasimama upande wa wateja. Alivua kofia yake ya kanisani akaiweka mbele ya binti yake kwa mikono miwili.

"Nitunzie," alisema. "Na unipe namba."

Sefina alijifuta uso, akaiweka kofia kwenye rafu iliyokuwa tupu, akampa mama yake kibati namba arobaini na moja.