Nani Aliyekubali kwa Niaba Yangu?

"Ndege ya Maskati hutaiwahi, madam. Itaruka kutoka Nairobi wakati wewe ndio kwanza unatua."

Nasiha alimkodolea macho mhudumu wa kaunta ya uwanja wa ndege, msichana mwenye beji iliyoandikwa Eddah.

"Sijakufahamu, dada. Ndege ya kunitoa hapa Mombasa si ya asubuhi hii?"

"Ilikuwa ya asubuhi. Shirika liliisogeza mpaka alasiri. Ile ya Maskati haikusogezwa."

Nyuma yake, Ubaid alilibwaga sanduku chini kwa kishindo. Ubaid alikuwa mchumba wake, kijana mwenye duka la manukato pale mtaa wa Kuze, na ndiye aliyemkatia tikiti ile iwe zawadi yake ya safari.

"Hamna haya nyinyi!" akafoka. "Mwamharibia mtu safari yake hivi hivi? Nasiha, twende zetu nyumbani. Labda hii haikuwa riziki yako."

Nasiha hakusogea. Shule moja ya Maskati ilikuwa imemwajiri afundishe Kiswahili, na masomo yanaanza Jumapili. Mwalimu mkuu alishamwambia wazi kuwa asipofika, nafasi atapewa mwengine. Alikuwa ameitafuta kazi ile kwa miaka, huku akifundisha kwa vibarua mtaani Bondeni, muhula huu shule hii, muhula ujao ile.

"Mbona hamkuniarifu?" akamuuliza Eddah.

Eddah aliitazama kompyuta yake. "Tulituma ujumbe, madam, wiki mbili zilizopita. Tulikupa hiari ukubali saa mpya, ubadilishiwe ndege bila malipo, au urudishiwe pesa zako. Na jibu lilikuja."

"Jibu gani?"

"Kwamba umekubali."

"Nani aliyekubali? Nambari gani hiyo?"

Eddah akaanza kuisoma polepole. Hakufika mwisho. Nasiha aliijua nambari ile kwa moyo: ya yule aliyemkatia tikiti.

Akageuka. Ubaid alikuwa ameinama, anashughulika na zipu ya sanduku ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Ubaid. Niangalie."

"Nilibonyeza kwa makosa. Nilidhani ni matangazo ya biashara."

"Lete simu."

"Ya nini tena?"

"Lete simu, Ubaid!"

Watu kwenye foleni wakageuza shingo. Ubaid akaitoa simu mfukoni, na Nasiha akaipokonya. Ujumbe ulikuwepo: *Saa ya ndege yako imebadilika. Huenda usiwahi ndege inayofuata. Jibu KUBALI au BADILISHA.* Ubaid alijibu KUBALI. Chini yake shirika liliuliza tena: *Una hakika?* Akajibu: *NDIYO.*

"Umeulizwa mara mbili," Nasiha akasema. "Mara mbili, Ubaid! Makosa yako wapi hapa?"

Kabla hajajibu, simu ya Nasiha ikalia. Alikuwa mamake, Bi Mwanakuu.

"Mwanangu, mmefika salama?"

"Mama, Ubaid aliwahi kukwambia lolote kuhusu safari hii?"

Bi Mwanakuu akasita. "Alikuja juzi. Akasema huenda safari ikavunjika, basi nikaha yenu tuifanye Ijumaa ijayo. Akaniomba nisikwambie, usije ukafadhaika bure. Kwani kuna nini?"

Nasiha akakiwasha kipaza sauti cha simu.

"Mweleze mama."

Ubaid akajifuta jasho. "Nasiha, mimi nakupenda. Ukenda huko utakutana na tajiri, ukae huko huko, na mie nibaki kuchekwa barazani. Nilitaka uikose ndege hii tu. Tungeoana, nikutunze. Wataka nini zaidi?"

"Nilitaka uniambie! Ungesema waogopa ningekusikiza. Lakini uliniacha nipite nyumba kwa nyumba kuaga jamaa. Uliniacha nilie na mamangu. Ukanibebea sanduku mpaka hapa ukijua siendi popote! Kisha wamfokea huyu dada mbele za watu, kana kwamba kosa ni lake!"

"Ni mapenzi, Nasiha, wallahi."

Sauti ya Bi Mwanakuu ikatoka simuni, kali. "Usiape, Ubaid! Uliketi kwangu, ukanywa kahawa yangu, ukanifanya nimfiche mwanangu mwenyewe! Ondoka hapo."

Ubaid hakuondoka. Alisogea kando akasimama, mikono haijui pa kwenda.

Nasiha akamgeukia Eddah. Hasira alikuwa nazo bado, na shirika nalo lilikuwa na fungu lake la lawama.

"Dada, wewe sina ugomvi nawe. Lakini msafiri ni mimi, na mimi sikukubali. Tena hata ningekubali, mwauzaje safari ambayo mwajua mtu hawezi kuikamilisha? Ndege mmeisogeza nyinyi. Nami nataka kufika Maskati leo."

"Mfumo unasema ulishakubali, madam..."

"Basi niitie mkubwa wa huo mfumo."

Mkubwa alikuwa mwanamume aitwaye Morris. Alikuja na maneno ya kanuni, na Nasiha akamkatiza kila alipojaribu kumzungusha. Wazee wawili kwenye foleni wakamwunga mkono kwa sauti. Mwisho Morris akashusha pumzi, akamnong'oneza Eddah, na Eddah akaanza kubonyeza haraka haraka.

"Kuna ndege ya shirika jingine, ya saa tano," Eddah akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ile ya Maskati utaiwahi bila kukimbia. Hulipi kitu."

"Ahsante sana, dada. Mungu akujazie."

Akachukua pasi yake ya kupandia ndege. Ubaid akamfuata mpaka mlango wa ukaguzi.

"Nitakungoja, Nasiha. Hata mwaka."

"Usiningoje. Mtu akiweza kunijibia ndiyo katika safari yangu, ndani ya nyumba atanijibia mangapi?"

Akaingia. Machozi yalimtoka alipokwisha kuupita mlango, naye akayaacha yatoke.

Nairobi, akisubiri kuitwa, alimpigia mamake.

"Nimerudi sasa hivi kutoka kwao Ubaid," Bi Mwanakuu akasema. "Kishika uchumba nimewarudishia. Mamake yuwaniambia eti ni jambo dogo la simu. Nikamwambia, Bi Shifa, jambo dogo mtu hulisema."

"Umekasirika, mama?"

"Sana. Na wewe?"

"Sana."

"Basi panda ndege na hasira zako, mwanangu. Ukifika, kula, ulale. Jumapili waanza kufundisha."