Kioo Kilichogeuzwa Uso

Mdogo wangu wa tumbo moja, yule tuliyekuwa tukimwita Maringo tangu utotoni, alishikwa na ugonjwa wa mlango wiki ileile nyumba yake, tuliyokuwa tukiishi pamoja, ilipopigwa rangi. Kila mgeni alisifu kuta, akasifu vigae, akifika kwenye mlango wa mbele akanyamaza. Ulikuwa mlango wa mbao uliopinda, chini umeliwa na mvua.

"Dada," akaniambia, "nyumba nzuri yenye mlango huu ni kama bibi harusi aliyevaa ndala."

Basi asubuhi moja tukatoka kwenda kuchagua mwingine, mimi, yeye na mjukuu wake. Mjukuu tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka minne. Mama yake, mtoto pekee wa Maringo, alikuwa kazini mbali, na siku ya kuondoka alisema neno moja tu: "Mama, nimekukabidhi roho yangu." Mdogo wangu alikuwa mzaha mtupu kwa kila jambo, lakini neno hilo hakulifanyia mzaha hata siku moja.

Fundi vioo alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Maringo akaninong'oneza, "Fundi vioo, miwani mbovu!" Nikamfinya. Mzee alikuwa amekwisha sikia.

"Kinyozi hajinyoi, mama," akasema, akacheka.

Akatuonyesha milango yote. Wa chuma, Maringo akasema ni wa jela. Wa kioo kitupu, akasema wapita njia watamwona akijikuna. Wa mbao zilizochongwa maua, akasema vumbi la kwenye maua hayo atalifuta nani, mimi? Nilikuwa nimechoka, miguu inaniwaka moto, ndipo akaona kioo cha rangi kilichoegemezwa pembeni kimeelekezwa ukutani.

"Na hicho kimekosa nini mpaka kikapewa adhabu?"

Mzee hakucheka. Alikigeuza polepole. Jamani, kilikuwa kizuri. Maua mekundu, majani ya kijani, katikati bluu kama anga baada ya mvua, vipande vyote vimeshikanishwa kwa nyuzi za madini ya risasi. Upande mmoja ulikuwa laini, unang'aa. Upande wa pili ulikuwa na chengachenga, ukiupitishia kidole unakwaruza.

"Hiki kina uso na mgongo," mzee akasema. "Mgongo, huu wa kukwaruza, uangalie nje. Uso ukae ndani. Msikigeuze."

"Kwa nini?"

"Aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo. Nami nakwambia hivyo."

Maringo aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi.

Seremala alipokuja kukipachika kwenye mlango mpya nilikuwepo, nimekaa sebuleni nachambua mchele. Nilimsikia akiuliza, "Bibi, si fundi alisema mgongo nje?" Na nilimsikia mdogo wangu akimjibu, "Mwanangu, nani anakaa ndani akaangalia mlango wake mwenyewe? Mlango unavaliwa wapita njia. Weka uso nje." Nilisikia. Nikaendelea kuchambua mchele. Mpaka leo hilo linanikaa kooni.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za sifa. Mlango ule ulielekea machweo, basi kila alasiri jua lilipouangukia, rangi zilimwagika sakafuni mwa sebule kama khanga iliyotandazwa. Chiriku alicheza humo. Aliweka mguu kwenye nyekundu, mkono kwenye bluu, akicheka peke yake.

Siku ya tatu akasema, "Bibi, kuna mtoto nje."

Nikatazama. Kweli, katikati ya rangi sakafuni palikuwa na kivuli. Kichwa kidogo, mabega madogo, mikono imeinuliwa kama ya mtu aliyebandika viganja kwenye kioo achungulie ndani. Nikajua ni mtoto wa jirani. Nikaenda kufungua.

Hapakuwa na mtu. Njia nyeupe, jua kali, hata kuku hakuwepo.

Nikafunga mlango. Kivuli kilikuwa palepale.

Nilimwita Maringo kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akakiona, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akafungua yeye. Hakuna mtu. Akafunga. Kipo. Tukasimama wawili, wazee wazima, tukiogopa kukanyaga sakafu ya nyumba yetu.

"Anasema nini huyo rafiki yako?" nikamuuliza Chiriku kwa sauti ya chini.

"Anasema amechoka kukaa nje. Anasema tubadilishane."

Kuanzia hapo mtoto akaanza kunyamaza. Chiriku, mtoto aliyekuwa akiongea hadi usingizini! Maneno yalipungua siku hadi siku kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Chakula alikionja tu. Tulimzuia asikae sebuleni alasiri, lakini ukigeuka tu, unamkuta pale, amekaa katikati ya rangi, uso kwenye mlango. Ukimgusa, alikuwa wa baridi. Na jua lote lile linampiga.

Siku ya saba niliingia kumtoa. Maringo alikuwa upande wake wa kulia, mimi kushoto, tumemshika mikono. Nikatazama nyuma yetu sakafuni. Kivuli changu kipo, na kilemba changu. Kivuli cha mdogo wangu kipo.

Katikati yetu palikuwa na maua mekundu, mazima, hayakukatwa na kitu.

Jua lilikuwa linampita mtoto kama yeye naye ni kioo.

Maringo hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akasema, "Roho ya watu. Nilikabidhiwa roho ya watu."

Tulimwacha Chiriku kwa jirani, tukaenda kwa mzee mbio. Alitutazama mara moja tu akajua.

"Mlikigeuza."

"Nilikigeuza mimi," Maringo akasema. "Mimi, si dada yangu. Kama kuna cha kuchukuliwa, kichukuliwe kwangu."

Mzee alivua miwani. Akatuambia kwamba kioo kile kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke aliyefiwa na mtoto. Mtoto alizikwa, lakini kila alasiri alirudi kubisha mlangoni kwa mama yake. Mafundi wakatengeneza kioo chenye mgongo, ili aliye nje asione ndani, achoke, aende zake. "Hukifuata kioo hicho kila kiendako. Akiutazama mgongo anaona ukuta. Ninyi mmempa uso. Ameona nyumba. Ameona mwenzake."

"Tukivunje?"

"Mkikivunja hakuna tena cha kumzuia. Kigeuzeni kesho, jua halijafika mlangoni. Mtoto awe ndani, ashikwe. Akiitwa, asiitikie."

Kesho yake seremala alichelewa. Alipofika, vibao vya kushikilia kioo viligoma, rangi ilikuwa imevigandisha. Alikuwa nje na Maringo, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye kiti, nimempakata Chiriku, nimemfunga khanga kiunoni mwangu kama mtoto mchanga. Nilisikia patasi. Ko. Ko. Ko.

Jua likafika.

Rangi zikashuka sakafuni. Na kivuli kikashuka nazo. Safari hii hakikusimama mlangoni. Kilirefuka. Kichwa kikapita zulia. Kikapita meza. Kikafika kwenye vidole vyangu vya miguu, navyo vikafa ganzi.

"Harakisheni," nikasema.

Ko. Ko.

Ndipo sauti ikaita kutoka nje.

"Bibi. Nifungulie. Mimi niko huku."

Sauti ilikuwa ya Chiriku.

Nilimtazama mtoto niliyempakata. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Macho yake yalikuwa kwenye mlango, yamejaa machozi, kama mtu anayesikia jina lake likitumiwa na mwingine.

"Bibi, huyo uliyemshika siye."

Mwenyezi Mungu nisamehe. Mikono yangu ililegea. Kidogo tu. Kiasi cha pumzi moja. Kisha nikamkumbatia hadi mbavu zangu zikauma.

Kioo kikatoka. Kwenye tundu la mlango niliona uso wa mdogo wangu, umejaa jasho. Nyuma yake njia tupu. Seremala akakizungusha, mgongo nje, akakirudisha.

Kimya.

Nilipotazama tena, sakafuni palikuwa na rangi tu, hafifu, na kivuli cha bibi mnene amekaa kitini na mtoto mapajani. Vichwa viwili. Nilihesabu mara tatu.

"Bibi," Chiriku akasema, "umenibana."

Tulilia, tukacheka, Maringo akamlisha mtoto mpaka nikamwambia basi, utampasua. Mama yake aliporudi alikabidhiwa roho yake, nzima, yenye maneno mengi kuliko ilivyoachwa. Hatukumwambia kitu. Sasa mdogo wangu ametangulia mbele ya haki, nyumba ni ya Chiriku, naye ni msichana wa miaka kumi na mitatu, ananipita mimi kwa urefu.

Mlango haujabadilishwa. Mimi ndiye ninayeufuta, sitaki mwingine aufute. Wiki ileile kioo kilipogeuzwa, niliona sehemu yake ya chini alama ya kiganja cha mtoto. Nikifuta nje, ipo. Nikifuta ndani, ipo. Nikasema ni ukungu, umeingia kati ya rangi.

Lakini ukungu haukui. Kila mwaka vidole vimekuwa virefu zaidi, na kila mwaka kiganja kimepanda juu kidogo, sawasawa na Chiriku anavyopanda. Jana nilimwomba aweke mkono wake pale, nikamdanganya kuwa napima usafi. Vililingana, kidole kwa kidole.

Mwaka huu kimefika usawa wa kitasa.