Mkanda Chini ya Gauni

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Fundi alisimama chumbani akishika ukingo wa kitanda. Binti yake, kitinda mimba wa miaka kumi na miwili, alisimama nyuma yake akivuta mkanda wa kubana tumbo.

"Vuta, mwanangu."

"Mama, utakatika!"

"Vuta tu. Bado."

Mkanda ukishafungwa, Fundi alivaa gauni juu yake. Kisha alikwenda kazini bila kula kitu. Alikuwa mshonaji wa nguo za wanawake. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye cherehani, meza ya kukatia, pasi na kioo kirefu.

Mkanda ule aliletewa na wifi yake, dada wa mumewe. Siku hiyo wifi alimtazama kutoka juu hadi chini mbele ya wateja.

"Wifi, umejiachia! Nani atashona kwa fundi mwenye tumbo?"

Wateja walicheka. Fundi naye alicheka, lakini maneno yalimchoma.

Sasa niulize jambo. Mume wa Fundi alikuwa na kitambi, tena si kidogo. Watu walimwambiaje? "Bwana mkubwa, maisha yamekukubali!" Tumbo la mume sifa, tumbo la mke aibu. Na mke ndiye aliyebeba watoto watatu humo! Jambo hili linaniudhi, wala sifichi.

Basi Fundi akajibana. Mchana alikunywa chai ya rangi tu. Kiungulia kilimsumbua na pumzi zikawa fupi. Siku moja aliinama kuokota pini, akaona giza, akaanguka chini karibu na pasi ya moto.

Bahati nzuri, jirani yake muuguzi alikuwa dukani. Alikuja kupanuliwa sare yake ya kazi. Alifunga mlango, akamfungua Fundi ule mkanda. Fundi akavuta pumzi na kufumbua macho.

"Nani kakufunga hivi, shoga?"

"Nimejifunga mwenyewe. Nataka tumbo liishe."

Muuguzi alikasirika. "Mkanda hauyeyushi mafuta! Unabana tumbo na mapafu tu. Ndiyo maana una kiungulia na pumzi hazitoshi."

"Lakini zamani sikuwa hivi."

"Zamani ulikuwa kijana. Hedhi ikikaribia kukoma, mwili hubadilika na mafuta huhamia tumboni. Wengi tunapitia. Si uzembe! Tena umri huu mifupa na misuli hupungua nguvu, na wewe unainyima chakula. Kula maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda. Tembea kwa miguu kila siku. Halafu njoo kituoni tukupime presha na sukari. Hayo ndiyo ya kujali, si vicheko vya watu."

"Nimekusikia," alisema Fundi. "Nitaufunga siku za sherehe tu."

Jioni binti yake alirudi kutoka shule, akaukuta mkanda mezani.

"Mama, kama huutaki nipe mimi."

"Wewe wa nini?"

"Nisije nikajiachia. Hata chakula cha shule siku hizi nampa rafiki yangu."

"Nani kakufundisha ujinga huo?"

Mtoto alishangaa. "Si wewe, mama?"

Fundi alishikwa na hasira, na safari hii hakulikasirikia tumbo lake. Alichukua mkasi akaukata ule mkanda vipande vipande. Kisha alikaanga mayai, akaketi na binti yake, wakala mpaka wakashiba.

Miezi ikapita. Kituoni Fundi alikutwa na presha, akapewa dawa na kuambiwa apunguze chumvi. Asubuhi alitembea na binti yake mpaka shuleni. Kiungulia kiliisha. Tumbo lilibaki, na kazi ilisonga mbele. Mtoto naye alikula chakula chake chote.

Siku moja wifi alikuja kushonewa gauni la sherehe. Fundi alipomzungushia futi kiunoni, wifi alivuta tumbo ndani akabana pumzi.

"Pumua, wifi."

"Pima hivi hivi."

"Sipimi. Gauni hili utalivaa ukila, ukikaa, ukicheka. Pumua."

"Wataniona, wifi."

"Wakuone! Anayetaka kukucheka aje acheke mbele yangu."

Wifi alizidi kubana mpaka midomo ikaanza kutetemeka. Kisha akaachia. Tumbo lilitoka, na machozi yakamtoka pia.

"Nimebana hivi tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza," alisema. "Hata kitandani, mume wangu akiwa macho."

Fundi aliweka futi chini. Alimkumbatia wifi yake mpaka akatulia, ndipo akampima.