Kijiko Kisichoandikwa

"Jumanne, tarehe 4 Juni. Ukungu, baridi kidogo."

Hivyo ndivyo Sindano alivyoanza ukurasa wa siku ile katika daftari la chakula. Muuguzi wa zahanati alitaka hata hali ya hewa iandikwe, maana vidole vya mama yake vilikaza zaidi siku za baridi.

Jina la Sindano alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hatulii. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mama aanze kuumwa, Sindano ndiye aliyepika staftahi na kuandika daftari. Vidole vya mama havikuweza tena kushika kisu wala kalamu.

"Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa," muuguzi alikuwa amewaeleza. "Askari wa mama yako wamemgeukia mwenye nyumba." Mbali na kumeza dawa, mama aliambiwa aache kwa muda nyanya, pilipili, mayai, maziwa na ngano, ili ijulikane kama kimojawapo kinamzidishia maumivu.

Asubuhi hiyo Sindano alimenya kiazi kitamu na karoti, akavikata vipande vidogo. Alikaanga kitunguu kwa mafuta ya nazi, akatia vipande vile na maji kidogo, akafunika. Vilipolainika aliongeza mchicha, chumvi na manjano.

"Mpishi mkuu, leo tena majani?" aliuliza mdogo wake wa darasa la pili. "Mbuzi wa jirani akiniona atanikaribisha kwao."

Mama alicheka, lakini alikula vijiko viwili tu, akasukuma sahani. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Vidole vilikuwa vimeanza kunyooka kidogo, ila chakula hakikupita. Sindano alimtazama, asijue la kufanya.

Kesho yake alitoa kopo la bizari ya mchuzi lililosahauliwa nyuma ya rafu. Rangi yake ilifanana na manjano. Akatia kijiko kimoja kidogo cha chai. Mama alimaliza sahani yote, akaikwangua.

"Mwanangu, leo umetia nini?"

"Manjano tu, mama."

Bizari haikuwamo kwenye orodha ya vyakula alivyoruhusu muuguzi, naye aliogopa ingekatazwa. Akaandika: manjano.

Ijumaa vidole vya mama vilikuwa vimevimba. Mkasi aliokuwa ameanza kuushika tena ulimponyoka ukaanguka sakafuni, na shati la mteja likabaki bila vifungo. Jumatatu muuguzi alilipitia daftari mstari kwa mstari.

"Sioni kilichokatazwa humu," alisema. "Basi tujaribu kuondoa kiazi kitamu." Akakifuta kwenye orodha.

Wiki iliyofuata uvimbe ulikuwa uleule. Akafuta karoti.

Sahani ikabaki na mchicha na kitunguu. Sindano aliendelea kutia bizari, kwani bila hiyo mama asingekula kabisa. Kila asubuhi mama aliweka mikono yake mezani, akaomba: "Mungu wangu, nionyeshe kinachoniumiza." Sindano aliitikia "Amina," kisha akainama kuandika: manjano.

Asubuhi ya kurudi zahanati, mdogo wake alichovya kidole kwenye kopo, akalamba.

"Maji! Dada, maji! Inawasha!"

Sindano aligeuza kopo. Kwa mara ya kwanza alisoma karatasi yake: manjano, giligilani, pilipili kavu. Alilirudisha kopo rafuni, akachukua daftari. Njia nzima alitembea nyuma ya mama na mdogo wake, akilibana kifuani.

Walipofika zahanati, muuguzi aliishika mikono ya mama, akatikisa kichwa. "Fundi, sijui nikuambie nini. Labda ni mchicha." Akainua kalamu.

"Usifute!" Sindano alipaza sauti. "Si mchicha. Ni mimi. Nilitia bizari kila siku, nikaandika manjano. Ina pilipili. Sikujua, lakini nilijua nadanganya."

Muuguzi alishusha kalamu.

"Ndiyo ileile iliyoniwasha," mdogo wake alinong'ona.

Mama aliitazama mikono yake. "Nikadhani hata kiazi kimenikataa," alisema polepole.

"Nilitaka ule, mama. Ulikuwa unakwisha mbele ya macho yangu."

"Najua, mwanangu. Ungeniambia chakula kinahitaji ladha, tungeitafuta pamoja. Ona, tumehangaika kumfukuza asiye na kosa."

Muuguzi alirudisha kiazi na karoti kwenye orodha. "Huenda ni pilipili, huenda sivyo. Kila mwili na wake. Tutaanza upya, na dawa zisiachwe. Ladha ipo: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu. Ungeniuliza." Kisha akamtazama Sindano bila ukali. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Wewe uliyaficha ya mama yako, tena kwa kumpenda. Mapenzi yasiyosema kweli humpoteza hata mganga. Mimi niliamini daftari kuliko mikono niliyoishika."

Sindano alisukuma daftari mbele ya mama. "Mtafute mwingine wa kuandika. Sistahili."

Mama hakuweza kulishika. Alilisukuma tu kwa mgongo wa mkono wake uliovimba, taratibu, mpaka likamrudia binti yake. "Mwingine sina. Andika."

Sindano alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Akachungulia dirishani, akaandika: mawingu mazito. Kisha akasimama wima mbele ya mama, muuguzi na mdogo wake, machozi yakimtiririka.

"Naahidi mbele yenu watatu na mbele ya Mungu. Nikitia kitu, nitakiandika. Nikikosea, nitaandika kwamba nimekosea, siku hiyohiyo."