Ulimi wa Kuazima

"Eucabeth, tangu lini huskii ladha?"

Kijiko kilibaki hewani. Madam Sally, meneja wa kiwanda, alikuwa amefunga mlango wa chumba cha kuonja chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Eucabeth aajiriwe miaka minne iliyopita. Mezani palikuwa na vikombe viwili tu vyeupe.

"Naskia, Madam."

"Sawa. Kikombe gani hapa iko na moshi? Nionyeshe."

Eucabeth alifyonza kikombe cha kwanza kwa kishindo, kama wafanyavyo waonjaji, akatema kwenye ndoo. Akafyonza cha pili. Vyote vilikuwa na ladha moja, ile ile ambayo uji, samaki na hata dawa ya meno vilikuwa nayo tangu kemo ya tatu. Ilikuwa ladha ya kulamba ufunguo. Pua nayo ilikuwa imelala fofofo. Basi akabahatisha.

"Hii ya kushoto."

"Zote mbili ziko na moshi," Madam Sally akasema polepole. "Hata mlinzi wa geti ameionja akaitema. Na ni wewe uliandika kwa kitabu ati hii loti ni safi."

Eucabeth aliweka kijiko chini.

"Enda nyumbani upumzike. Jumatatu uje ofisini tuongee."

Msomaji wangu, usimhukumu haraka. Eucabeth alikuwa na miaka ishirini na saba na saratani ya tezi shingoni. Dozi zake za kemo, dawa ya saratani, zilikuwa kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, na alikuwa amepata sita. Kazini alisema ni typhoid iliyokataa kupona. Alidanganya kwa sababu aliipenda ile meza kupita kiasi. Kwingine kote alikuwa mgonjwa, lakini pale mezani alikuwa mtu anayeijua chai. Na mwonjaji asiye na ulimi ni dereva asiye na macho, nani atamwachia gari?

Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba ulimi wake umekufa. Eucabeth alivua koti jeupe, akaenda kumtafuta.

Alimkuta Gibson Kipyegon nje ya kiwanda, kwenye rundo la kuni. Gibson alikuwa fundi wa draya, ile mashine ya kukaushia chai, na alikuwa mpenzi wake kwa miaka miwili.

"Ni wewe umemwambia Madam?"

"Ni mimi."

Eucabeth alitarajia akane. Alikuwa amejiandaa kwa mtu anayekana, si anayekiri.

"Uliniapia, Gibson. Ulinishika mkono hospitalini ukaapa."

"Niliapa."

"Halafu?"

"Ile chai ilikuwa na moshi, Euca."

"Kwa hivyo chai ni muhimu kuniliko?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema vile unataka kusema."

Gibson alisugua viganja vyake kwenye ovaroli. "Nikikuambia saa hii utadhani najitetea."

"Basi usiniambie. Futa namba yangu. Na Jumatano usinisindikize, nitaenda mwenyewe."

Aliondoka bila kugeuka nyuma. Angegeuka angemwona Gibson ameketi juu ya kuni, kichwa mikononi, na pengine hadithi hii ingekuwa fupi.

Jioni simu ilianza kuita. Hakushika. Zikaja meseji.

"Umefika home?"

Hakujibu.

"Sijutii kusema. Najutia kukuumiza."

Ikaja nyingine.

"Siombi unijibu. Nauliza tu kama umekula."

Eucabeth aliigeuza simu kifudifudi. Baba yake, Mzee Ooko, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana wa kuchuma majani, akafanya kazi ya kiwandani miaka thelathini, akastaafu na kujenga hapo karibu na Kapkatet. Chai aliijua hata kwa mlio wa mashine.

"Nyara, binti yangu, huyo kijana amekukosea nini?"

Eucabeth alimweleza yote, akilia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na hiyo moshi ilitoka wapi?"

"Kwa jiko la draya, baba. Itoke wapi ingine?"

"Siku hiyo draya ilikuwa ya nani?"

Eucabeth alihesabu siku nyuma. Ratiba ya zamu ilikuwa ukutani mbele ya meza yake, na alikuwa ameipitisha loti ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Ilikuwa ya Gibson," akasema.

"Basi huyo amejichoma yeye kwanza," akasema Mzee Ooko, akaendelea kunywa uji wake.

Jumatatu Madam Sally alimkaribisha kiti.

"Gibson amekueleza?"

"Sikumpatia nafasi."

"Ndio maana umevimba macho hivyo." Madam aliweka kalamu chini. "Alikuja hapa Jumatano iliyopita. Akasema jiko ilivuja kwa zamu yake, na alijua wakati chai ilikuwa imeshafungwa. Alinyamaza akiona haya. Wewe ukaandika safi. Unaelewa? Kitabu chako kilikuwa kimemwokoa. Angeenda zake nyumbani na hakuna mtu angemuuliza kitu."

"Lakini si alikuambia juu yangu?"

"Nilimuuliza mimi. Nilisema, kama moshi ilikuwa nyingi hivyo, mwonjaji wangu alikuwa wapi? Amezembea? Unajua mwonjaji akizembea mimi namfuta siku hiyo hiyo. Kijana akaangalia chini. Halafu akalia, hapo hapo umeketi. Akasema, 'Hajazembea, Madam, ni mgonjwa. Kama ni kufuta mtu, nifute mimi.'"

Eucabeth alihisi aibu ikimpanda toka miguuni.

"Umemfuta?"

"Nimempa barua ya onyo. Draya hataigusa miezi mitatu. Saa hii anafagia godauni."

"Na mimi?"

"Wewe ndio nimekukasirikia sana. Miezi mitatu unakuja hapa na saratani unaniambia ni typhoid. Dadangu mdogo aliugua kama wewe. Si ningekupangia siku zako?"

"Niliogopa utanitoa kwa meza."

"Sasa nisikilize." Madam alisogeza kiti. "Kuonja si ulimi peke yake. Ni kichwa, na hicho chako hakijaguswa na kitu. Tafuta mtu mwenye ulimi mzuri akae na wewe. Yeye aonje akuambie anaskia nini, wewe uamue, mimi nitarudia nihakikishe. Tutafanya hivyo mpaka ulimi wako urudi. Chagua mtu yeyote kwa hii kiwanda. Nataka jina Alhamisi."

Eucabeth alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Alikuwa amekuja kufukuzwa, na sasa alikuwa anapewa kazi yake, tena na mtu wa kumsaidia. Alisema asante mara nne, mpaka Madam akamwambia atoke, ana watu wanangoja.

Jumatano alifika hospitalini mapema, peke yake kama alivyoahidi. Foleni ya kemo ilikuwa imejaza benchi la kwanza. Mbele kabisa, kando ya mama wawili waliojifunika shali, alikuwa ameketi Gibson na kadi ya namba mkononi.

Alisimama alipomwona.

"Shika. Ni namba tatu. Mimi naenda zangu."

"Umefika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja hivi."

"Si nilikuambia nitakuja mwenyewe?"

"Na umekuja mwenyewe. Mimi pia nimekuja mwenyewe. Tumepatana tu."

Mmoja wa wale mama alicheka ndani ya shali. Eucabeth aliuma mdomo asicheke naye.

"Keti chini, Gibson."

Akaketi.

"Unavuta sigara?"

"Nini?"

"Jibu swali."

"Sijawahi."

"Pombe?"

"Na mamangu ni mzee wa kanisa? Ningeinywea wapi?"

"Pilipili?"

"Kidogo, kwa nyama."

"Utaacha. Kahawa pia. Na ile dawa ya meno yako ya kuwasha, usiiguse asubuhi mpaka tumalize kuonja."

Gibson alimgeukia.

"Euca, unaniajiri ama unanirudia?"

"Yote mawili. Lakini kwanza naomba msamaha. Madam ameniambia vile ilikuwa. Nilikufukuza bila kukusikiza."

"Na mimi naomba. Ile siri ilikuwa yako. Ningekuja kwako kwanza, twende kwa Madam pamoja. Niliona haya juu ya ile jiko, nikakimbia kumaliza." Alishusha sauti. "Sitarudia. Jambo lako litatoka kwa mdomo wako."

"Namba tatu," nesi akaita.

Waliingia pamoja.

Wiki iliyofuata, wafanyakazi walipita dirishani kwa zamu kumtazama mfagiaji wa godauni akiwa na koti jeupe.

"Hii inasemaje?" Eucabeth akauliza, kalamu mkononi.

Gibson alifyonza, akapaliwa, akatema. "Ni chai."

"Gibson."

"Ngoja basi. Inanikwaruza hapa nyuma ya ulimi, halafu inakimbia."

"Inakimbia haraka?"

"Haraka sana."

"Hiyo ni nzuri. Iko na nguvu na ni safi. Alama nane. Na hii?"

Alifyonza, akakunja uso. "Hii imelala. Ni kama chai ya matanga."

"Chai ya matanga ikoje?"

"Si ile ya sufuria kubwa, imechemka tangu asubuhi, watu wanaongeza tu maji?"

Eucabeth aliinua majani yaliyobaki kwenye kifuniko, akayageuza kwenye mwanga. Yalikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia.

"Yamekaa sana kabla ya kukaushwa. Nne. Mwambie Seth wa zamu ya asubuhi aharakishe."

Madam Sally alirudia kuonja vyote. Alibadilisha alama moja tu kati ya ishirini na nne, akatoka bila neno, na kwa Madam Sally hiyo ni sifa kubwa. Eucabeth alimwangalia Gibson akifuta kidevu, akajiona mtu mwenye bahati. Mwili ulikuwa unauma, vidole vilikufa ganzi kila baada ya dozi, lakini alikuwa mezani, na hakuwa peke yake.

Baada ya kemo ya kumi, Gibson alileta watu wake kutoka Siongiroi. Walikuwa wawili, mama yake, Nelvine, na mjomba wake Alexander. Upande wa Mzee Ooko alikuja dada yake, Ajwang, ambaye aliwasalimu wageni sebuleni, akaingia jikoni na amri zake.

"Funga kilemba vizuri. Na hiyo mambo ya ugonjwa isitajwe leo. Watajua wakishatoa ng'ombe."

"Shangazi, hiyo si haki."

"Haki utakula na ugali? Nyamaza uolewe."

Simu ilitetemeka. Ilikuwa meseji ya Gibson kutoka sebuleni.

"Shangazi yako amenikanyaga mguu mara mbili ninyamaze. Home sijasema kitu. Ukinyamaza nitanyamaza. Ukisema niko hapa."

Eucabeth aliisoma mara mbili. Alimtaka Gibson kuliko kitu chochote, na alijua kwamba mama aliyekuja kutafuta wajukuu anaweza kusimama, akashukuru kwa chakula na kurudi Siongiroi. Akabeba trei, akaingia.

Mjomba Alexander alizungumza vizuri, kwa heshima, akamaliza.

"Sisi tumempenda huyu msichana. Kabla hatujaendelea, kuna neno?"

"Hakuna," Ajwang akasema haraka.

"Liko," akasema Eucabeth, na akasimama. "Niko na saratani. Ni ya tezi, hapa shingoni. Nimepata dozi kumi, zimebaki mbili. Daktari anasema dawa inafanya kazi, lakini hajaniahidi kitu. Na juu ya watoto pia hajui. Gibson anajua yote. Nyinyi sikutaka mjue mkiwa mmeshanichukua."

Ajwang alijifunika uso kwa leso. Mjomba Alexander alikitazama kikombe chake. Mama Nelvine alimgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na hukuniampia," akasema kwa lafudhi ya Kikalenjin, b ikitoka kama p.

"Haikuwa yangu kusema."

Mama Nelvine aliweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke wa mashamba na maziwa, mwenye mikono mikubwa, na aliitazama ile mikono kabla ya kuinua macho.

"Ng'ompe ndio mtu anangoja ipone kwanza ndio aichukue," akasema. "Huyu si ng'ompe."

Akamgeukia Eucabeth. Akaendelea.

"Dawa ingine ni lini?"

"Jumatano, mama."

"Ukirudi hospitali, nani anakaa na wewe?"

"Baba. Na Gibson akitoka kazi."

"Wanaume." Alitikisa kichwa. "Alexander, maliza hayo maneno ya mahari na Mzee, halafu wewe utarudi peke yako. Uwaampie majirani wakamue. Mimi niko hapa mpaka Jumatano ipite."

Eucabeth alimsogelea. Aliinama, akaishika ile mikono mikubwa kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru Mungu kimyakimya kwa kila mtu aliyekuwa ndani ya chumba kile, hata Ajwang.

Mama Nelvine alimwacha alie kidogo. Kisha akamgeukia shangazi, ambaye bado alikuwa nyuma ya leso yake.

"Mama, mimi nitalala wapi?"

Ajwang alishusha leso, akajifuta macho, akaenda kutafuta blanketi.