Waliofungiwa Ghalani

Memela ya mwisho pale sokoni Tehuacán, nchini Meksiko, mkate wa mahindi uliojaa maharage na jibini, ilidakwa na mikono ya watu wawili kwa pamoja.

"Hiyo yangu, bwana shati jeupe."

Msichana alivaa gauni la njano lililomkaa vyema. Vidole vyake vilikuwa vimekolea buluu ya jinzi, buluu isiyojua sabuni.

"Tugawane basi," kijana akasema.

"Nigawane na mtu nisiyemjua?"

"Naitwa Fermín. Sasa unanijua."

Msichana, jina lake Nereida, akacheka, akamkatia kipande kidogo kwa makusudi.

Kumbe kiwanda chao kimoja. Yeye alishona viuno vya suruali chini, ambako madirisha yalipigiliwa misumari. Fermín alikuwa ofisini juu, ameajiriwa juzijuzi. Kampuni ilikuwa imeahidi kufuata viwango vya kimataifa vya kuwajali wafanyakazi, maana bila hivyo wanunuzi wa kaskazini, Marekani, wangekimbia. Kazi ya Fermín ilikuwa kubandika ahadi hizo ukutani. Haukupita muda, wakawa wapenzi.

"Nimesoma bango lako," Nereida alimtania kwenye simu. "Eti tuna haki ya kwenda chooni. Mwambie basi anayeshika ufunguo wa choo."

"Taratibu, kipenzi. Wakaguzi wanakuja."

"Waje! Nitawaeleza yote."

Fermín aliijua hatari. Aliyesema alifukuzwa, na jina lake likatembezwa kila kiwanda mjini. Hashoni tena popote.

Injinia Barragán, meneja, alikuwa na desturi yake. Kila ukaguzi, wenye midomo, wajawazito na wagonjwa walifungiwa katika ghala la vitambaa mpaka wageni waondoke. Safari hii Fermín mwenyewe alitaja jina la Nereida, akafunga kufuli kwa mkono wake. Alidhani anamwokoa.

Wakaguzi walipofika kati ya cherehani, simu ya Fermín ikaita; ni Nereida, kutoka ghalani.

"Fermín, nani alitaja jina langu?"

"Mimi, mpenzi. Sikutaka ufukuzwe. Vumilia kidogo."

"Kidogo? Griselda ana mimba, ameanguka! Humu hamna hewa. Fungua!"

Barragán aliwachekea wageni huku akimkanyaga Fermín mguu. "Zima hiyo simu, kijana."

Fermín akauvuta mguu wake, akakimbia, akafungua.

Joto lilitoka kwanza, kisha watu. Nereida alimbeba Griselda begani, nyuzi zimemjaa nywele, gauni limemganda mgongoni. Akampita Fermín kama anayepita nguzo.

"Nani amewafungia hawa?" mkaguzi mmoja, aliyefuata mbio pamoja na Barragán, akauliza.

"Uzembe wa huyu kijana," Barragán akadakia.

"Ndiyo," Fermín akasema. "Nilifunga mimi."

Nereida akageuka, macho yanawaka. "Na aliyekutuma je? Mbona humtaji?"

"Nikimtaja, nawe utafukuzwa."

"Nimefungiwa ghalani na mtu anayenipenda! Kuna kipi tena cha kuniogopesha?"

Hapo Fermín akamtaja Barragán, mbele yake, kwa sauti iliyosikika kuliko cherehani.

Griselda alipona, na mimba yake pia. Kampuni nayo ilitia saini ahadi zake, ikapiga picha kwa ajili ya gazeti. Barragán alisimama pembeni na tai mpya. Fermín na Nereida walikuwa nje, wamefukuzwa kazi. Kila geti la kiwanda walilobisha, mlinzi aliuliza majina, akaingia ndani, akarudi akitikisa kichwa.

Jioni moja wakaketi kando ya mtaro wa maji machafu ya buluu, mbali kidogo mmoja na mwenzake.

"Mji mzima umetufungia," Fermín akasema. "Nina jambo nataka kukuuliza, naogopa."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Nereida akamgeukia.

"Siku nyingine ukitaka kuniokoa, utaniuliza kwanza?"

"Nitakuuliza."

"Hata ukijua jibu langu litatulaza njaa?"

"Hata hivyo."

Nereida akamsogelea, akamfuta vumbi kwenye kola.

"Basi nioe. Lakini usidhani nimekusamehe, Fermín. Hilo litachukua ndoa nzima."