Hodi za Shekaroti

Lilianza kwa joto. Mwanamisi aliingiza mkono ndani ya Shekaroti, kama alivyofanya karibu kila asubuhi kwa miaka sita, akakuta ndani kuna vuguvugu, kama nguo ambayo mtu ameivua sasa hivi. Na siku hiyo Soni ilikuwa baridi, ukungu umelala mpaka vizingitini. Akasema labda panya kalala humo. Alimkung'uta, panya hakutoka. Alikuwa amechoka, akaendelea na kazi.

Shekaroti mnamjua, msijifanye. Ni yule kikaragosi mwekundu wa kwenye televisheni, mwenye pua ya karoti, anayepiga hodi tatu kila kipindi kikianza, na watoto majumbani wanaitikia kwa kelele, "Karibu!" Mwanamisi, fundi cherehani, ndiye aliyemshona, ndiye anayemchezesha na kumpa sauti. Kilianza kama kipindi cha watoto wa Tanga, siku hizi kinatazamwa Brazili, Japani, Uturuki, na wapi sijui. Huko wametafsiri kila kitu isipokuwa hodi na karibu, maana watoto wamevipenda hivyohivyo. Sifa tele, na mwanamke wa watu hana hata siku moja ya kupumzika.

Wiki ileile koo likaanza kumkauka. Akanywa tangawizi, akalamba asali, wapi! Sauti ilibaki mnong'ono. Ndipo Edgar, anayerekodi vipindi, alipomwita chumbani kwake.

"Mama Mwanamisi, hebu sikiliza hiki cha Japani."

Shekaroti alikuwa anaongea Kijapani, haraka haraka, anacheka, kwa sauti ya Mwanamisi, ile yake ya zamani, nzima.

"Nani kaniiga hivyo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe," Edgar alinong'ona. "Wajapani wanasema hawajaingiza sauti bado. Sisi tuliwatumia picha tupu."

Chumba kikanuka udi, na hakuna aliyechoma udi, na pale mezani Shekaroti, ambaye Mwanamisi alimlaza kifudifudi kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa sasa kalala chali, mdomo wazi, na kitambaa cha tumboni kinapanda na kushuka taratibu, kinapanda na kushuka, mpaka Edgar akazima mashine akatoka mbio bila viatu.

Kesho yake Mwanamisi alimtia Shekaroti kwapani, akapanda bodaboda mpaka Lukozi kwa Mzee Mbaraka, mganga. Alimkuta anapalilia kabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kitambaa umekitoa wapi?" Hata kumkaribisha hakumkaribisha.

"Kwenye kikapu cha marehemu bibi. Kilikuwa kimekaa bure."

"Bure! Hicho ni cha jini wake, nilimfunga nacho mimi mwenyewe. Bibi yako alipokufa mlitakiwa mniletee. Wewe ukakitia mkasi. Na hizo hodi nani alikutungia?"

"Zilinijia tu, nilipokuwa nashona."

"Hazikukujia, alizileta. Yule haingii nyumba mpaka aitikiwe. Sasa nyumba ngapi zimemwitikia, mwanangu?"

Mwanamisi akalia. "Mzee, mimi nataka sauti yangu tu. Nimechoka."

"Nyumba za watu siziwezi. Ya kwako nitajaribu." Akamchoma Shekaroti kati ya mawe matatu, akasoma, akatoa sharti. "Siku saba usiitikie hodi ya mtu yeyote. Awe ndugu, awe jirani. Ukiitikia moja tu, anarudi, na mimi usinitafute tena."

Sharti hilo kulisema ni rahisi. Kaa nalo Soni uone. Jirani yake Fatuma alileta maparachichi, akapiga hodi mpaka akachoka, akaondoka amenuna. Wifi yake akasusa kabisa. Mwanamisi alikaa ndani kwa aibu. Lakini siku ya nne sauti ikaanza kurudi, siku ya sita aliimba akiosha vyombo, na usiku wake akalala usingizi wa kweli.

Siku ya saba, alasiri, akasikia sauti ya mtoto.

"Hodi!"

Akanyamaza.

"Hodi!"

Akachungulia dirishani. Mwanamke wa kigeni, binti wa miaka kama mitano kamkumbatia Shekaroti wa dukani, na Nassoro, anayetembeza watalii Lushoto.

"Hodi!" ikaja ya tatu, na Mwanamisi akaegemea mlango akiwaza kwamba huyu ni mtoto tu, kavuka bahari kuja kumwona mama wa Shekaroti, na akirudi kwao atasema alifungiwa mlango, na siku ya saba imebakiza saa chache tu, na uchovu wa kunyamaza ulikuwa umemzidi ule wa kusema, na huko alikolelewa yeye mgeni hapigi hodi tatu bila kujibiwa.

"Karibuni!" akaitikia, kwa sauti yake nzuri. Akafungua.

Nassoro alishtuka. "Shikamoo, bibi! Umejuaje tumefika? Hata hodi hatujapiga. Mtoto anaona haya, nilikuwa ndiyo namfundisha."

Mwanamisi akafungua mdomo ajibu. Hakikutoka kitu.

"Marahaba, Nassoro," Shekaroti akajibu, mikononi mwa yule mtoto.